Alisema hataki sindano, uchungu ulipokolea akaiomba: tufuate neno lipi?

Mleta mada

Kuna jambo limenikaa moyoni mwaka mzima sasa. Nalileta hapa nisikie wenzangu mnasemaje.

Mdogo wangu alipokuwa na mimba yake ya kwanza alijisomea sana. Kufika mwezi wa nane alikuwa ameshaamua: atajifungua bila epidurali, ile sindano ya mgongo ya kupunguza uchungu. Hakuwa na mambo ya kutaka kuonekana jasiri. Alitaka tu kutembea, kujigeuza anavyopenda, na asichomwe mgongoni. Akanichagua mimi niingie naye leba, akaniapisha kabisa. Ninavyokumbuka mimi, maneno yake yalikuwa haya: "Dada, hata nikilia, usikubali wanidunge."

Siku ikafika. Saa za mwanzo alikwenda vizuri. Uchungu ukija ananing'inia shingoni, tunayumba pamoja, unapita, tunacheka. Njia ilipofunguka sentimita 6 kati ya 10, kicheko kikaisha. Akanitazama, akasema ameshindwa, aletewe sindano. Nami, mlinzi wa ahadi, nikamwambia, "Kumbuka ulivyosema." Akarudia. Nikamkumbusha tena. Nikamsugua kiuno, nikamhesabia pumzi, nikamsifu kama mtoto anayejifunza kutembea. Dakika 20 zilikwenda hivyo, na mimi nikijiona shujaa wake. Mkunga ndiye aliyenisogeza kwa kiwiko. Akangoja uchungu upoe, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa, akamwuliza, "Sasa hivi unataka nini?" Akamjibu. Daktari wa usingizi akaitwa.

Mtoto alitoka salama na mama yake mzima. Ila mimi mpaka leo sijui kosa langu lilikuwa zile dakika 20, au lilikuwa kusalimu amri baada yake. Upande mmoja, neno la mtu aliyetulia, akasoma na kupima, lina uzito kuliko la mtu anayeumia. Upande wa pili, mwenye mwili ni huyu aliye kitandani sasa, si yule wa mwezi wa nane ambaye uchungu alikuwa akiusikia kwenye masimulizi. Mimi naegemea huku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yule wa mwezi wa nane alikuwa bado hajawa mzazi. Karibuni mnipinge.

Mama wa watatu

Dada, nakupinga.

Mimba yangu ya pili nilifika mahali nikamwambia mume wangu tuondoke, nizae siku nyingine. Sikuwa natania. Nilishuka kitandani, nikaanza kutafuta viatu. Kiatu kimoja nilikipata, cha pili kilikuwa kimesukumwa chini ya kitanda, nikapiga magoti kukivuta, na hapo chini ndipo nikasikia hamu ya kusukuma. Haikupita nusu saa nikawa na mtoto kifuani.

Kabla ya kutafuta viatu nilikuwa nimeomba sindano mara tatu. Mume wangu alinijibu kila mara, "Umebakiza kidogo." Kama angekubali, daktari angenikuta ninasukuma, au angenichoma bure. Njia ikikaribia kumalizika, kuanzia sentimita 8 hivi, kuna wanawake wengi sana wanaosema hawawezi tena. Kwangu mimi, neno lile lilikuwa dalili kwamba kazi inakwisha, halikuwa ombi. Mtu akikubali kila kinachotamkwa pale, mimi ningerudi nyumbani na kiatu kimoja na mtoto tumboni.

Mimba ya tatu tukatengeneza utaratibu. Nikisema "nipeni sindano" ninalalamika tu, anibembeleze. Nikitaja jina la marehemu bibi yangu, hapo nimeamua, aite mtu bila kuniuliza. Nililalamika weee, jina la bibi sikulitaja. Kwa hiyo neno la kwanza lipewe heshima yake, ila liwekewe mlango wa kutokea.

Mchangiaji

Na ukilisahau hilo jina la bibi kwa maumivu?

Mama wa watatu

Ha ha! Bibi yangu hasahauliki, humjui wewe.

Mkunga mstaafu

Nimekaa leba miaka 27, naomba nipite na mimi.

Katika maadili ya kazi yetu, maumivu peke yake hayamwondolei mtu uwezo wa kujiamulia. Mwanamke aliye katika uchungu husikia, huelewa, hupima na hujibu. Kinachotakiwa ni kumwuliza kati ya uchungu mmoja na mwingine, kwa sentensi fupi. Akiwa na fahamu zake, neno alilosema mwisho ndilo neno. Karatasi aliyoandika mwezi wa nane inanieleza anapenda nini, haimfungi kamba. Wanaotaka imfunge wanijibu hili: aliyeandika "nataka sindano", akafika leba akabadili nia, tumkamate tumchome kwa sababu alishaandika?

Mama wa watatu, viatu vyako nimevicheka, na unachosema nimekiona mara nyingi mno. Ndiyo maana mtu akiniomba sindano, kwanza namwomba ruhusa nimpime. Nikikuta 9 na kichwa kimeshuka, namwambia ukweli: kuiweka na kusubiri ishike ni nusu saa hivi, huenda mtoto akawahi. Wengi husema "basi". Lakini hiyo "basi" ni yake, ameisema akijua alipo. Nikikuta 6 na ni mimba ya kwanza, kama mdogo wake mleta mada, huenda bado ana saa kadhaa. Nikimwambia "umebakiza kidogo" nimemdanganya, na uongo huo leba tumeusema sana, mimi nikiwemo. Mume wako, mama, alibahatisha. Hakuwa amekupima.

Watu waijue na sindano yenyewe, maana wengine wanaichanganya na ganzi ya upasuaji, ile ya mara moja inayoua miguu yote. Epidurali ni mrija mwembamba unaoachwa kiunoni, chini ya pale uti wa mgongo wenyewe unapoishia, na dawa huongezwa kidogo kidogo. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona kwamba inaongeza upasuaji, wala kwamba inaacha maumivu ya mgongo ya kudumu, hofu ambayo nimeisikia kuliko zote. Kuvutwa mtoto kwa vifaa kulikuwa kukiongezeka katika tafiti za zamani. Katika zile za baada ya 2005 ongezeko hilo halikuonekana. Ila si maji ya kunywa. Inaweza kushusha presha, kuleta homa au mwasho, kuzuia mkojo, kurefusha muda wa kusukuma. Kama mwanamke mmoja kati ya 100 hupata kichwa kikali kinachouma akikaa na kutulia akilala. Wengine haiwashiki sawasawa, upande mmoja unakufa ganzi na wa pili unauma vilevile. Na mwenye tatizo la damu kutoganda huenda asipewe kabisa, hata aombe vipi.

Ninaowahofia zaidi ni wale waliokwisha kudungwa pethidini, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, ndipo wanaletewa fomu ya epidurali. Pethidini inalewesha. Hupita kondo vilevile, mtoto akizaliwa saa chache baadaye anaweza kuwa mzito wa usingizi na mvivu wa kupumua. Huyo mama aliyelewa ndiye wa kuuliza kama kweli anaamua. Aliyeumia tu, macho makavu, anajua anachotaka kuliko sisi tuliosimama.

Nimeona fomu ikisainiwa katikati ya uchungu: sahihi inaanza kwa herufi moja nzuri, inakuwa mstari, mstari unaishia kwenye shuka. Siyo kwamba mama hakuwa na akili. Habari zilimfikia zimechelewa. Hatari, faida, gesi ya kuvuta, kukandwa, maji ya moto, nani atakuwepo, yote hayo ni ya kuongea tumbo likiwa bado limetulia, hata kwa aliyeapa kwamba hataki.

Mleta mada, usijichukie sana. Mapitio mengine ya Cochrane, ya 2017, yalikusanya wanawake zaidi ya 15,000, yakaonyesha kwamba mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo leba hutumia dawa chache za kutuliza maumivu kuliko asiye naye, na upasuaji pia hupungua. Kile kiuno hukukisugua bure. Ulikosea pale ulipoacha kumsikiliza ukawa unamlinda.

Kaka mwenye swali

Heshima kwenu akina mama, ila naona mnaruka hoja moja. Imeandikwa "kwa utungu utazaa watoto". Vizazi vyote vimepita hapo bila sindano. Huoni kwamba kuna kitu mama anakipata kwa kuuvumilia uchungu ule, mapenzi ya mwana, na sisi tunakifuta? Tena mimi naona mume ndiye ashike lile neno la kwanza, kwa sababu yeye pale ndiye aliyetulia.

Mleta mada

Kaka, hoja yako ina umri mkubwa. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wazazi etha, kisha klorofomu, dawa za usingizi za kuvuta puani, alirushiwa aya hiyohiyo. Akajibu kwa kitabu hichohicho: kabla ya kumtoa Adamu ubavu, Mungu alimletea usingizi mzito. Miaka sita baadaye Malkia Victoria alivuta klorofomu ya daktari John Snow kutoka kwenye kitambaa, wengi wakanyamaza. Papa Pius XII naye, mwaka 1956, alisema kutafuta kuzaa bila maumivu hakupingani na maandiko. Na katika sura hiyohiyo unayoisoma, mwanamume aliambiwa atakula kwa jasho la uso wake. Sijawahi kuona mtu akizima feni ofisini kwa ajili ya aya ile.

Ukifungua Sura Maryam utamkuta bi Maryam kwenye shina la mtende, uchungu umemzidi, anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa neno hilo. Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake na tende mbivu juu yake.

Hilo la mapenzi ya mwana waulizeni waliozaa kwa upasuaji kama wanawapenda nusu.

La mume "aliyetulia" nimelifikiria zaidi, maana na mimi ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimetulia kwa sababu haikuwa inaniuma. Nilidhani utulivu wangu ni hekima.

Ila nisiwe kama anayeuza sindano. Upande wa pili nao umewahi kumnyang'anya mwanamke neno lake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko Freiburg, Ujerumani, madaktari walichanganya dawa mbili za kulewesha, mofini na skopolamini. Kufika 1914 wanawake wa Marekani waliunda chama kuidai dawa hiyo, wakiamini inaondoa maumivu. Kwa kiasi kikubwa ilichoondoa ni kumbukumbu. Mama alipiga kelele, wengine wakafungwa kitandani wasijiumize, akaamka akiambiwa "hongera, umezaa" na hakumbuki kitu. Aliomba nafuu akapewa usahaulifu. Kwa hiyo ninapotetea neno la mwisho namaanisha neno la mtu anayejua anapewa nini, na anayeweza kusema "hapana" dakika mbili baadaye, daktari akiwa ameshavaa glovu.

Mama wa watatu, utaratibu wa jina la bibi nimeupenda kuliko nilivyotegemea. Unanitatiza kwa jambo moja tu: msindikizaji ndiye anayebaki kuwa ufunguo. Akikosea kusikia, au akiwa na lake moyoni kama mimi, mzazi anaomba kwa lugha mbili na hapewi kwa zote mbili. Ningeomba mkunga naye alijue hilo jina.

Mama wa watatu

Hapo umenipata. Tulimwambia mume tu, mkunga hakujua. Nikipata wa nne (sipati!) nitaliandika ukutani.

Kaka mwenye swali

La feni nimelimeza. La mume bado sijashawishika: mke wangu anajifungua miezi miwili ijayo na ameniambia wazi nimsaidie asiombe. Nifanyeje, nimwambie sitamsaidia?

Mkunga mstaafu

Kamwulize leo jioni swali ambalo hukumwuliza: "Ukiniomba mara ya pili na ya tatu, uchungu ukiwa umepoa, ungependa nikujibu nini?" Uandike atakachosema, kwa maneno yake, si yako. Halafu mpeleke kwa mkunga na hiyo karatasi.

Mdogo mtu

Shikamooni. Mimi ndiye wa sentimita 6. Dada ndiye aliyenitumia mjadala huu, nimeusoma nikinyonyesha.

Dada, sindano siijutii, na ningeiomba tena. Zile dakika 20 nilishakusamehe siku ileile, ulivyokuwa unatokwa jasho kuliko mimi. Ila umesimulia vibaya. Sikukuambia "usikubali wanidunge". Nilikuambia "usikubali wanilazimishe". Tulikuwa kwenye ngazi, umebeba mfuko wangu wa hospitali kuupima uzito, na simu yako ikaita nikiwa katikati ya sentensi.