Hizi PDF za solfa za Requiem ya Mozart: "se" mmeipeleka wapi?

Wakuu, bila salamu ndefu. Kuna PDF ya solfa (nota za herufi) ya Requiem ya Mozart, misa ya wafu (K. 626, namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), inazunguka kwenye magrupu ya walimu wa kwaya, na ni takataka. Sisemi makosa mawili matatu ya uchapaji. Kazi hii iko kwenye D maina, na aliyeiandika hajui D maina ni kitu gani, kaichukulia kama F meja iliyonuna.

Flati ni moja, B. Do ni F, La ni D (herufi d, r, m, f, s, l, t ni do, re, mi, fa, so, la, ti). Mpaka hapo sawa. Lakini D maina haisimami bila C shapu, na kwenye solfa hiyo ndiyo se, yaani so iliyopandishwa nusu toni. Akordi inayorudisha muziki nyumbani ni A, C shapu, E: m, se, t. Huyu bwana kaandika m, s, t kila mahali! Hapo umepata A maina, na A maina haimvuti mtu kwenda popote, kwa sababu C ya kawaida iko toni nzima chini ya D. C shapu iko nusu toni tu, sikio linaidai D lenyewe.

Fungua Kyrie, sehemu ya "Bwana utuhurumie". Besi wanaingia na dhamira ya fyuga (sauti zinaingia moja baada ya nyingine na dhamira ile ile), ambayo mifupa yake ni nota nne: A, F, B flati, C shapu. Kwa solfa ni m, d, f, kisha se ya chini. Ule mruko wa kushuka kutoka f hadi se ni nusu toni 9, mgumu, mchungu, na ndio unaoibeba fyuga yote. PDF inasema s. Sasa umekuwa nusu toni 10, mruko wa kawaida kabisa, huku mpiga kinanda aliyeshika nota za stafu (za mistari mitano) anapiga C shapu juu ya besi wanaoimba C. Halafu analaumiwa yeye.

Mwisho wa Kyrie ni vichekesho. Akordi ya mwisho ni D na A peke yake, hakuna F wala F shapu. Mozart kaiacha tupu, si meja si maina, na hivyo hivyo ndivyo kazi nzima inavyofungwa kwenye Cum sanctis tuis, kipande cha mwisho, maana Süssmayr, aliyeimalizia baada ya Mozart kufariki Desemba 1791, alirudisha muziki ule ule wa fyuga. PDF imewapa alto d. Nani kawaomba? Kwenye Amen ya Lacrimosa, kipande kingine cha misa hii, ambako muziki unaishia D meja na mtu anatakiwa kuimba F shapu (de), hapo wameandika d. Pa kuacha patupu wamejaza, pa kupandisha wameteremsha.

Na ba, yaani f iliyopandishwa nusu toni, je? Sauti ikipanda kuelekea D, mara nyingi B nayo huondolewa flati: m, ba, se, l. Ikishuka inarudi l, s, f, m. Ukimpandisha mwimbaji kutoka f moja kwa moja hadi se unamrusha nusu toni 3, na asiyezoea ataanguka kwenye s.

Lacrimosa yenyewe ni 12/8, mapigo manne, kila pigo nota tatu. Wameigeuza 4/4. Soprano wanapanda mpaka A ya juu kwenye baa ya 8, baa ya mwisho aliyoandika Mozart, na sehemu ya mpando huo ni nusu toni kwa nusu toni. Humu ndani umeandikwa kwa ngazi ya F meja, d r m f s, kama zoezi la watoto.

Mwenye kutaka kuirekebisha: chukua stafu, zungushia kila C yenye shapu, andika se. Kisha tafuta kila B isiyo na flati. Mwisho kagua akordi ya mwisho ya kila kipande, sauti moja moja. Na mkianza mazoezi msitoe F halafu mkaanza tu, masikio yatakaa kwenye meja. Toeni F, mshuke d, t, l, kisha l, se, l mara tatu mpaka alto waache kuilegeza se. Iko karibu na l kuliko wanavyodhani.

NYONGEZA: Kwa aliyeuliza kuhusu kushusha muziki kwa kitufe cha transpozi cha kibodi: kwa kibodi peke yake, shusheni nusu toni mbili, Do inakuwa E flati, solfa haibadiliki. Ila kukiwa na violini msithubutu. D na A ni nyuzi wazi za violini, timpani zimewekwa D na A, na tarumbeta za enzi zile hazikuwa na vali, zilikuwa za D.

Na huyo anayesema D maina ni "ufunguo wa msiba": Concerto ya piano K. 466 ya mwaka 1785 ni D maina, haikuandikiwa maiti, na inamalizika kwa D meja. Concerto ya Bach ya violini mbili, BWV 1043, nayo ni D maina. Msiba uko kwenye maneno ya misa.

Aliyepandisha hiyo PDF aitoe. Akishindwa, abadilishe hata jina la faili: Requiem ya F meja.