Ati "29 toa mbili"! Baraza hilo sirudi tena

GhalaLaZamani:
Nimetoka barazani Mkunguni sasa hivi, kahawa hata sikuimaliza. Jina simtaji, mnamjua. Kikoi cha zambarau, miwani ya jua mpaka baada ya isha, na duniani hakuna jambo asilolijua.

Tulikuwa kwenye bastola za zamani. Nikasema, kwa upole wallahi, kwamba Smith & Wesson tangu 1957 wanazipa rivolva zao namba za modeli, na wakibadilisha kitu ndani wanaongeza dashi na tarakimu. Kwa mfano 29-2, yaani modeli 29, badiliko la pili. Mtu mzima huyu akanikata kalima: "29-2 si 27? Sema 27, usituchoshe."

TOA MBILI! Kisha akavuta sahani ya tende, akapanga kokwa 29 kwenye saruji, moja moja, akachukua mbili akazitupa mtaroni. Akaniambia, "Hesabu." Na watu wakahesabu! Muuza kahawa aliweka dele chini ili acheke vizuri.

Mimi nimeshika funguo za ghala la silaha miaka 22. Fungua silinda pembeni, tazama kwenye fremu pale mkono wake unapolala, namba imegongwa hapo. 29-1 ni pale walipogeuza hesi za kijiti cha kutolea maganda zikawa za kushoto, maana cha kwanza kilikuwa kikijilegeza chenyewe, na kikilegea silinda haifunguki. 29-2 wakaondoa skrubu ya mbele ya kinga ya kifyatulio. 29-3, mwaka 1982, wakaacha kuufunga mtutu kwa pini. Fundi asiyesoma dashi ataletewa kijiti kisichoingia, basi.

Na balaa lenyewe, 27 IPO! Bastola nyingine kabisa, ya risasi za .357, na 29 ni ya .44. Kwa hiyo baraza zima likaona mzee kapatia.

Kokwa mbili. Mtaroni. Nimeziona zikielea.

MtotoWaMkomani:
Swali dogo. Tende zilikuwa za nani?

DhumnaTu:
Nilikuwepo. Hakuondoka kwa hasira huyu, zamu ya kulipa kahawa ilikuwa yake.

GhalaLaZamani:
Uongo! Niliondoka kwa sababu alinipa kokwa moja ati niende nayo nyumbani nikajifunze hesabu.

MpwaWaShela:
Hilo la kokwa mkononi hukulisema mwanzo 😂 Ila maalim, kosa ni la kampuni yako. Ruger, watengeneza bastola wengine, walipobadilisha rivolva yao ya Blackhawk 1973 waliandika tu juu ya chuma kuwa ni modeli mpya. Nani akuambie utoe?

NahodhaWaFaza:
Nafuu wewe umeumia kwa maneno. Mimi nimeuziwa kipuri cha Yamaha, namba yote sawa kasoro tarakimu mbili za mwisho. Muuzaji, na nyote mnamjua, ati "hiyo ni mwandiko tu, kapteni." Nimekwama mkondo wa Mkanda masaa manne, maji yanatoka, na mbuzi sita ndani ya boti.

BintiWaLangoni:
Mbuzi sita? Mmoja ana sikio lililokatwa? Huyo amekula leso yangu mpya kwenye kamba, jozi nzima, na jina halijasomwa.

GhalaLaZamani:
Jamani turudini kwenye dashi.

MtotoWaMkomani:
Leso mbuzi hali. Huyo ni punda wa jirani yako, juzi kala mkeka wetu hadi ukingo.

BintiWaLangoni:
Punda hana ndevu. Nimeziona ndevu.

NahodhaWaFaza:
Wa sikio alikuwemo, lakini hayumo tena. Walipanda sita, wameshuka wanne.

DhumnaTu:
Mbuzi 6-2.

BintiWaLangoni:
Chekeni. Leso yangu nani analipa?