Mkono umevunjika kwa kurusha jiwe tu: je, uvimbe huu ni kansa?

Mama wa Kadutu
Jambo, wazazi wenzangu wa Bukavu. Mtoto wangu wa kiume ana miaka 9. Jumamosi alikuwa anarusha jiwe ili aangushe avoka nyuma ya nyumba. Hakuanguka wala hakugongwa, ila alipiga yowe na mkono ukaning'inia. Kwenye radio (picha ya eksirei) daktari alituonyesha kwamba mfupa umevunjika chini kidogo ya bega, mahali penye doa kubwa jeusi ambapo ganda la mfupa limekuwa jembamba kama la yai. Karatasi inasema «kisti», lakini mfanyakazi mmoja alituambia mlangoni kwamba ni uvimbe wa mfupa, kisha akaenda zake. Tangu hapo mama mkwe hali chakula, na anataka tumpeleke kwa mzee anayekanda mifupa. Je, ni kansa? Na mfupa wenye tundu huunga?

Muuguzi wa Nguba
Pole sana, mama. Kama ni kisti ya kawaida, hiyo si kansa na haisambai mwilini. Ni kifuko cha majimaji ndani ya mfupa, ambacho hupenda hasa sehemu ya juu ya mkono kwa watoto, na wavulana hukipata kuliko wasichana. Kwa kawaida hakiumi, ndiyo maana wengi hukigundua siku mfupa unapovunjika kwa jambo dogo. Tazameni ile radio tena: wakati mwingine huonekana kipande chembamba cha mfupa kilichozama chini ya tundu, kama kijiwe ndani ya chupa ya maji, na hicho humsaidia daktari kujua kwamba ndani mna maji, si nyama.

Mfupa utaunga, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6 mkono ukiwa umefungwa. Tundu lenyewe ndilo kaidi: ni kwa watoto wachache tu ambapo huziba kabisa baada ya mfupa kuvunjika. Likibaki kubwa, daktari anaweza kunyonya maji na kuchoma dawa ndani, pengine zaidi ya mara moja, au kulikwangua na kulijaza mfupa. Hata hivyo linaweza kurudi, hasa likiwa karibu na sehemu mfupa unapokulia. Kuhusu kukanda, namheshimu mama mkwe, lakini mkono huo usikandwe, kwa sababu vipande vinaweza kuhama na kuumiza mishipa.

Papa wa Bagira
Naongeza kwamba kisti ya mguu si sawa na ya mkono. Binti yangu alichechemea miezi mitatu huku kituo kimoja kikimpa vidonge vya maumivu bila radio, hadi paja likavunjika karibu na nyonga. Hapo alihitaji kupasuliwa na kuwekewa vyuma, kwani mfupa huo hubeba mwili wote.

Mama wa Kadutu
Asanteni. Akishaunga, anaweza kubeba bidoni la maji?

Muuguzi wa Nguba
La lita 20, hapana, wala mpira wa kugombania, hadi daktari aone ganda limenenepa. Akianza kuumwa usiku bila sababu, au uvimbe ukionekana kwa nje, msingoje tarehe ya miadi. Na radio ya kwanza msiikunje wala kuitupa: nendeni nayo kila mara, kwa sababu bila hiyo daktari hawezi kujua kama tundu limekua au limepungua.