Niko nyumbani lakini nina kazi: nimpeleke mtoto kituoni nusu siku?

Mama Tito

Wazazi wenzangu, hamjambo. Nahariri tafsiri za mikataba, kazi yote naifanyia nyumbani. Mwanangu ana miaka 2 na miezi 3. Mpaka sasa nimekuwa naiba muda: akilala mchana nafungua kompyuta, halafu usiku kuanzia saa tatu mpaka macho yagome. Zamani alikuwa analala masaa mawili na ushee. Siku hizi ni dakika 45, na siku nyingine hataki hata kuuona mto.

Jumanne nilikuwa na kikao na mteja. Nimejifungia chooni, kompyuta iko juu ya ndoo iliyofunikwa. Tito yuko nje ya mlango, akapitisha kijiko kwa chini. Kijiko cha pili. Soksi. Kisha kimya, na huyu akinyamaza ujue kuna jambo. Nilipotoka nikakuta chaja ya simu imezamishwa kwenye kikombe cha maji, ananiambia "inaoga". Nashukuru haikuwa kwenye umeme. Nilicheka, halafu nikakaa sakafuni nikalia.

Nimepata kituo cha kulea watoto, dakika 10 kwa miguu. Wana nafasi za aina mbili: asubuhi tano, saa mbili hadi saa sita na nusu, au siku mbili nzima, Jumatatu na Alhamisi, saa mbili hadi saa kumi. Nichukue ipi?

Na kuna hili la mama mkwe. Kila nikitaja kituo ananiuliza, "Si uko nyumbani wewe? Sasa mtoto unampeleka kwa nani?" Sina jibu, maana hata mimi najiuliza hivyohivyo.

Baba Pacha

Dada, pole kwa chaja. Mimi na mwenzangu tulianza na Jumatatu na Alhamisi zilezile zako. Tulikosea. Katikati wanapata muda wa kutosha kusahau, kwa hiyo kila Jumatatu ilikuwa kama siku ya kwanza, mmoja kashika mguu wangu, mwingine kashika mlango. Tulipoomba siku zinazofuatana, Jumanne na Jumatano, kilio kikapungua chenyewe.

Piga hesabu vizuri. Asubuhi moja ni masaa 4 na nusu, lakini toa mwendo wa kurudi, mwendo wa kwenda kumchukua, na zile dakika za mlangoni za "kiatu kingine kiko wapi". Yanabaki masaa 4. Mara tano, 20. Siku mbili nzima kwa hesabu hiyohiyo ni kama 15. Ila yale 15 yamekaa pamoja, na kama kazi yako inataka kuzama kwenye mkataba wa kurasa 60, hilo nalo ni jambo. Upande wa pili, mtoto akiugua siku mbili, wiki yako yote imekwenda.

Uliza pia kama unalipa siku ambazo hakwenda, na kama unaweza kubadilisha siku. Sisi hatukuuliza.

La mwisho, ukirudi nyumbani usiguse vyombo. Wiki yangu ya kwanza nilifua, nikapanga kabati, nikajisifu, kisha saa sita ikafika sijaandika hata mstari.

Bibi Mlezi

Mwanangu, nimelea watoto wa watu miaka mingi kabla ya kustaafu. Wenzako wanahesabu masaa yako, mimi nitazame usingizi wake.

Ukimchukua saa sita na nusu atakuwa hoi. Utambeba, atasinzia mgongoni dakika 10, mkifika nyumbani macho makavu, na mchana wako umeishia hapo. Waulize kama anaweza kula na kulala palepale, umchukue akishaamka. Wengi wanakubali, ila hawakwambii usipouliza. Mtoto wa umri wake anahitaji masaa 11 hadi 14 kwa siku, usiku na mchana pamoja. Akikatiwa mchana atakudai jioni, na atakudai kwa kelele.

Pili, usimtoroke. Najua utashawishika: kashika mwanasesere, kageuka, wewe unanyata. Atakapogeuka akukose, kesho hatakuachia nguo. Muage kwa maneno yaleyale kila siku, mafupi, kisha ondoka kweli. Usirudi kuchungulia dirishani, wanaona.

Kabla hujalipa, nenda pale wakati wa kuchukua watoto, wote wamechoka. Asubuhi kila kituo kinapendeza. Angalia mlezi anapoongea na mtoto: anachuchumaa au anaita kutoka mbali? Uliza ni nani hasa atakayembeba mwanao akilia. Wakikujibu "yeyote tu", tafuta kwingine.

Mama mkwe mwambie utakuwa kazini kuanzia saa mbili. Usimwambie uko nyumbani.

Mama wa Watatu

Mimi nilimtoa wangu baada ya miezi miwili, na sijutii. Mafua! Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida hata kwa aliye nyumbani, na akianza kuchangamana na wenzake ndipo utajua kamasi ni nini. Akiharisha ndiyo kabisa, wengi hawampokei mpaka yapite masaa 48 tangu mara ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa ya tarehe zisizosogea, kwa hiyo nililipa kituo huku mtoto yuko mapajani.

Sisemi usimpeleke. Nasema miezi ya mwanzo usiahidi wateja kazi kana kwamba una asubuhi tano. Ahidi za tatu.

Mama Tito

Nimerudi, ni wiki ya tatu sasa. Nilichukua asubuhi tano, na wamekubali alale huko, namchukua saa nane. Bibi, shikamoo, na asante, nisingeuliza kamwe. Wiki ya kwanza alilia kila siku mpaka kona ya barabara nikimsikia. Ya pili alilia mlangoni tu. Sasa ananisukuma goti, "Mama, kazi."

Kuhusu mafua, Mama wa Watatu, ulijuaje? Siku ya nne tu. Nilikuwa nimeahidi za tatu, nikapona.

Mama mkwe nilimjibu kama nilivyoelekezwa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na chakula cha mchana unakula saa ngapi huko kazini?" Sijui kama alikuwa ananitania.

Sasa naomba msaada mwingine. Jana nilipofika nikavutwa pembeni: Tito amemuuma mwenzake mkononi, ugomvi wa kijiko. Huyu hajawahi kuuma mtu nyumbani, isipokuwa mimi mara moja. Mama wa yule mtoto nitakutana naye mlangoni kesho asubuhi. Namwambiaje?

Bibi Mlezi

Marahaba, mwanangu. Mwombe radhi, muulize mkono unaendeleaje, basi. Usianze kueleza habari za kijiko.