Kizazi cha tatu, Kiswahili kitupu, na bado anaulizwa babu alizaliwa wapi: uraia unapimwa kwa kigezo gani?

Mcheza_Bao

Wakuu, naomba wanaozijua sheria za uraia watufafanulie hili. Hapa Tanzania, mikoa ya mpakani na hata mijini, zipo familia zilizoingia nchini tangu enzi za mkoloni, nyingine miaka ya sabini mwanzoni. Wajukuu hawana lugha nyingine zaidi ya Kiswahili na ile ya wenyeji. Wameoana na majirani, wanazikana, ukipita mtaani humtofautishi mtu. Siku ya kuandikishwa NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) ndipo maswali yanapoanza: baba alizaliwa wapi? Babu je? Bibi mzaa mama je?

Sasa, mtu aliyezaliwa hapa ni raia au siyo? Na kama siyo, kuishi miaka hamsini na jamii hadi ukawa mmoja wao kunahesabika popote katika sheria? Tatu, anayetaka kunyoosha mambo yake aanzie wapi? Tusiingize siasa tafadhali, nataka utaratibu.

Sura_357

Mkuu, hapo kuna mambo mawili yaliyochanganywa. Kuzoeana na wenyeji ni habari ya mtaani. Uraia ni habari ya mzazi na tarehe.

Sheria ya Uraia, Sura ya 357, iliyotungwa 1995, ina raia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi (aliyezaliwa nje na mzazi raia) na wa tajnisi (mgeni anayeomba uraia na kupewa). Ukisoma kifungu cha 5 peke yake unaweza kushangilia mapema, maana kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuanzia siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, anahesabiwa raia, isipokuwa mtoto wa baba mwenye kinga ya kidiplomasia ambaye wazazi wake wote si raia, na mtoto wa adui aliyezaliwa sehemu iliyotekwa. Wengi wanaishia hapo, wanabeba cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) na kwenda dirishani. Lakini katika utendaji Uhamiaji wanataka angalau mzazi mmoja awe alikuwa raia siku mtoto anazaliwa. Cheti cha RITA kinathibitisha mahali na tarehe ya kuzaliwa, hakithibitishi uraia.

Kwa hiyo swali linampanda mzazi. Na mzazi akiwa amezaliwa kabla ya Uhuru, linampanda babu. Hawaulizi kwa udadisi. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, mtu wa himaya ya Waingereza aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, aligeuka raia bila kujaza fomu yoyote. Aliyezaliwa Tanganyika lakini wazazi wote wawili wakawa wamezaliwa nje alipewa miaka miwili ya kujiandikisha, hadi Desemba 1963. Sasa mfikirie mtu aliyezaliwa Tanganyika, mtoto wa kibarua wa mkonge aliyetoka Msumbiji au Ruanda-Urundi: yuko kambini, hasomi, hakuna anayemwambia kuna dirisha limefunguliwa. Dirisha likafungwa. Wajukuu wake leo wanaulizwa kuhusu siku ambayo babu hakuwa na habari nayo.

Swali lako la pili: ndiyo, kuishi kunahesabika, ila kwenye tajnisi tu. Jedwali la Pili la sheria hiyo linataka uwe umekaa nchini mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12, jumla ya ukaazi wako isipungue miaka 7. Ujue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha (ndiyo, "au", kwa hiyo mtu anaweza kuwa Mtanzania wa tajnisi bila kujua kuagiza chai kwa Kiswahili). Uwe na mwenendo mzuri, uonekane una mchango kwa uchumi, sayansi au ustawi wa jamii, na uwe na nia ya kukaa moja kwa moja.

Mahali watu wanapokwama ni kwenye neno "ukaazi". Kivitendo unatakiwa uuonyeshe kwa vibali. Mzee aliyekaa miaka 60 bila kibali chochote ana hali ngumu kuliko mwekezaji aliyeingia miaka tisa iliyopita na vibali vyake vyote kwenye faili.

Njia yenyewe: fomu, picha, tangazo la kusudio gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, barua kuanzia serikali ya mtaa au kijiji, mahojiano Uhamiaji, kamati za ulinzi na usalama, halafu Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri halazimiki kutoa sababu akikataa. Akikubali, unaukana uraia wa zamani, unakula kiapo, unapewa hati. Usiukane kabla hujaambiwa, utabaki huna kwenu.

Mja_wa_Lamu

Niongezee ya upande wa Kenya, maana huku mlango ni uleule ila umeandikwa jina lingine: kabila.

Katiba ya 2010, ibara ya 14, haijali ulizaliwa wapi, inataka baba au mama awe Mkenya siku unazaliwa. Basi mtoto wa asiye na kitambulisho hukosa kitambulisho, na mjukuu vilevile. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa pwani, wakakaa Kwale vizazi vitatu. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe, na mwaka 2017 wakatajwa kuwa kabila la 43. Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44 mwaka huohuo, ingawa wengi wao walikuwa raia kwa karatasi tangu zamani. Washona, waliokuja mwanzoni mwa miaka ya sitini kueneza dini, walitangaziwa uraia Desemba 2020. Wapemba walifuata Julai 2023.

Waangalie hao Wapemba. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kilimruhusu asiye na taifa kuandikishwa akionyesha alikuwapo nchini tangu kabla ya 12 Desemba 1963, na anajua Kiswahili au lugha ya wenyeji. Mpemba hujifunzi Kiswahili naye, unamwomba akufundishe. Kwenye lugha hakuna aliyeanguka. Ushahidi wa 1963 ndio uliomwangusha. Mvuvi aliyeingia na mashua kutoka Pemba hakugongewa muhuri na mtu, na kwa kuwa alifanana na wenyeji kwa sura, dini na lugha, hakuna aliyehangaika kumwandika kwenye daftari lolote. Aliyeonekana mgeni waziwazi ndiye aliyeandikwa, na leo jina lake lipo. Kuchanganyika vizuri ndiko kulikopoteza karatasi.

Tena dirisha hilo lilikuwa la miaka mitano tangu 2011, likaongezwa matatu, likaisha 2019. Ukisikia mtu anakuuzia "fomu ya kifungu cha 15" leo, uliza kwanza inatumika kwa tangazo gani.

Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huna M-Pesa, kwa hiyo pesa ya samaki inapitia simu ya jirani. Leseni ya uvuvi hupati. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa mwenyeji kabisa na bado anaishi kwa jina la mwingine.

Kaya_Kumi

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila msifanye tajnisi ionekane kama tusi. Tanzania imewahi kuitumia kwa jumla, na kwa idadi kubwa. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa wachague kurudi au kubaki, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa uraia.

Kilichokwamisha ni mpango wa kuwatawanya. Wazo lilikuwa wahame makazi yale na kugawanywa mikoa mingine ili wachanganyike, na hati zikashikiliwa kwanza hadi wahame. Mikoa ya kuwapokea haikuwa tayari, wenyewe wana mashamba ya tumbaku na mihogo waliyoyafyeka kwa mkono wao, miaka ikapita. Hatimaye sharti likaachwa na hati zikaanza kutolewa Oktoba 2014, watu wakiwa palepale. Kwa maoni yangu waliotunga mpango ule walidhani utangamano ni umbali wa kilomita. Mtu ambaye tayari anauza mazao yake Mpanda na kusomesha watoto kwa Kiswahili, ukimhamisha unamfanya mgeni kwa mara ya pili.

Mfano mwingine ni Wazigua wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka maeneo ya Handeni, wajukuu wakarudi kama wakimbizi baada ya vita vya 1991 wakiwa bado wanaongea Kizigua. Waliwekwa makazi ya Chogo, hukohuko Handeni. Ukoo unajulikana, lugha inasikika, na bado hawakuingia kama raia wa kuzaliwa wala wa kurithi. Wamepitia tajnisi kama mgeni mwingine yeyote, kwa sababu sheria inamtazama mzazi, haimtazami babu wa babu.

Tofauti za tajnisi zipo, tusidanganyane. Urais unataka raia wa kuzaliwa (ibara ya 39 ya Katiba). Na raia wa tajnisi anaweza kunyang'anywa, hasa ikigundulika alificha au alidanganya wakati wa kuomba.

Mcheza_Bao

Asanteni sana, nimeelewa. Hapo kwenye kudanganya ndipo penye moto. Mtu ambaye wazazi wake walimwandikisha shule kama Mha au Mhangaza ilhali asili ni Burundi, na sasa vyeti vyote vinasema hivyo. Afanyeje?

Sura_357

Hilo ndilo linaloharibu mafaili mengi Kigoma na Kagera. Kiha na Kirundi vinaelewana, kwa hiyo mzazi aliona ni njia rahisi. Tatizo ni kwamba uongo huo unasimama hadi mahojiano tu. Afisa hatakuuliza kabila, atakuuliza kijiji, kitongoji, ukoo, babu alizikwa wapi, nani wa ukoo huo yuko hai pale. Halafu anapiga simu kwa mtendaji wa kijiji.

Kwanza, asijaze Fomu 1A ya NIDA kwa maelezo ambayo anajua si kweli. Kosa la mzazi shuleni linaelezeka. Sahihi yake mwenyewe akiwa mtu mzima ni kitu kingine, hiyo ni jinai.

Pili, atafute kama mzazi mmoja ni raia kweli. Watu wanasahau mama! Mama Mha halisi na baba Mrundi: mtoto aliyezaliwa Tanzania ana hoja nzuri ya uraia wa kuzaliwa, na ushahidi wa kutafuta ni wa upande wa mama: cheti cha kuzaliwa cha mama, cha ubatizo kama hakuna, kitambulisho cha mjomba, barua ya kijiji cha mama (siyo kijiji anachoishi yeye sasa). Majina yaoane herufi kwa herufi. "Ntahondi" kwenye ubatizo na "Tahondi" kwenye cheti cha shule ni watu wawili mpaka kiapo cha majina kiseme ni mmoja.

Kama wazazi wote wawili si raia, aende Uhamiaji wilaya na wakili au msaidizi wa kisheria, aeleze hali ilivyo na aombe kuhalalisha ukaazi kwanza. Saa ya tajnisi inaanza kuhesabika hapo. Ni miaka mingi, najua.

Mja_wa_Lamu

Na wazee wahojiwe wangali hai. Kiapo cha bibi wa miaka themanini anayekumbuka jina la msimamizi wa kambi ya mkonge hakipatikani makaburini.

Sura_357

Kweli kabisa. Kiapo hicho kiapwe mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, kitaje mwaka, kijiji na majina kamili. Nakala tatu: moja Uhamiaji, moja NIDA, moja ibaki nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, mbali na panya.