Tupeane uzoefu: ukiangalia video za tsunami za watu wa kawaida, jicho lako linatafuta nini?

Mwana wa Chimwaga
Wakuu, kila bahari ikitikisika huko duniani, magrupu yanajaa video zilezile: Aceh (Indonesia) na Thailand za 2004, Japani ya 2011, Palu (Indonesia) ya 2018. Sisi wa Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, ufukwe wa karibu uko zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo tunaangalia kama watu wa jukwaani. Ila treni ya SGR imeleta mambo: kijana anapanda Ijumaa jioni, Jumamosi yuko ufukwe wa Coco, Dar, anaogelea.

Sitaki za "nilishtuka sana", sote tulishtuka. Wenye fani za maji, majengo, tiba na bahari, mnaona nini ambacho sisi wengine tunakipita? Mwageni vitu, kwa vipimo tafadhali.

Korongo Kavu
Kosa la kwanza la mtazamaji ni kusubiri wimbi lijikunje na kupasuka kama la ufukweni. Halijikunji. Wimbi la upepo lina mita mia moja au mia mbili kutoka mgongo hadi mgongo, na kila sekunde 10 hivi linakuja jingine. Tsunami kwenye bahari ya kina ina kilomita mia na zaidi kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na kati ya moja na linalofuata zinaweza kupita dakika 10 hadi saa nzima. Maana yake ule mdomo wa povu unaouona ni mwanzo tu. Nyuma yake maji yanaendelea kuja dakika kumi bila kupumzika.

Kwa mtu wa huku njia rahisi ya kuelewa ni korongo. Mvua inanyesha mbali, wewe uko kwenye mchanga mkavu, linakuja tope la sentimita 20 likisukuma majani na makopo, halafu mara kifuani. Video za Japani ziko hivyohivyo. Zitazame taratibu: maji yanaanza kutoka kwenye mitaro ya barabara, yanapita chini ya magari yaliyoegeshwa, membamba, meusi kwa sababu yamekwangua tope la chini ya bahari. Dakika chache baadaye magari yaleyale yanaelea yakigongana kama madumu matupu, na taa zinawaka.

Hesabu yake: kasi ni kipeuo cha pili cha (9.8 mara kina cha maji kwa mita). Kina cha mita 4,000 kinakupa mita 198 kwa sekunde, karibu kilomita 710 kwa saa, kasi ya ndege. Kina cha mita 10 kinakupa kama mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Linapopunguza mwendo mbele, la nyuma bado linakimbia, ndiyo maana linajirundika na kupanda.

Binti Kondoa
Mkuu Korongo, kilomita 36 kwa saa ni bodaboda ya mtaani tu. Mbona kwenye video watu wanasimama wanatazama?

Korongo Kavu
Dada, kwa sababu kinachokujia moja kwa moja hakionekani kusogea. Mstari mweupe kwenye upeo hauna kitu pembeni cha kuupimia, unabaki uzi mwembamba mpaka sekunde za mwisho, halafu unakua ghafla. Piga hesabu: ukiwa kilomita 2, kwa mwendo ule una sekunde 200. Mtu wa kawaida akikimbia mita 4 kwa sekunde anamaliza mita 800 kwa muda huo, kama njia ni tambarare, hana ndala, na habebi mtoto. Akisimama sekunde 60 kurekodi, mita 240 zimekwenda.

Mpima Ardhi Ipagala
Ongezeni hili, kasi inaweza kupimwa kwenye video yenyewe. Tafuta vitu viwili visivyosogea, mfano nguzo ya umeme na kona ya jengo, vilivyo sambamba na mkondo. Pima umbali wake kwenye ramani ya setilaiti. Chagua kitu kinachoelea, pipa au ubao, na si povu, maana povu linadanganya. Hesabu fremu kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, gawa kwa 25 au 30 kulingana na video, unapata sekunde. Rudia kwa vitu vitano, chukua wastani.

Panapoharibika ni hapa: video iliyopita mikono mingi huwa imeongezwa kasi au imekatwa fremu, na mpigaji akivuta lenzi katikati, kipimo chako kimekufa. Sikiliza sauti, zikiwa nyembamba kama za katuni, achana nayo. Pia usipime kitu kilicho karibu na ukuta, pale maji yanakwenda polepole kuliko katikati ya barabara.

Wataalamu walipofanya hivi kwa video za Banda Aceh walipata mita 2 hadi 5 kwa sekunde mjini. Ghuba ya Kesennuma, Japani, maji yalipokuwa yanarudi baharini yalifika mita 11 kwa sekunde. Watu hukodolea macho yanayoingia, lakini yanayotoka ndiyo huchukua mtu moja kwa moja.

Fundi Zege
Mimi naangalia majengo. Maji yenye mwendo wa mita 5 kwa sekunde yanasukuma kila mita moja ya mraba kwa uzito kama wa kilo 1,300. Mlango wa mita 2 za mraba unabeba tani mbili na nusu, na hapo sijahesabu gari au gogo linalokuja nalo. Ndiyo maana ukuta wa matofali bila nguzo unalala kama karata.

Nyumba za mbao za Japani ukiziangalia vizuri hazivunjiki kwanza, zinang'oka kwenye msingi na kuelea nzima na paa lake, halafu zinasagana. Lile vumbi la kahawia linalotangulia mbele ya maji si moshi, ni nyumba zinasagika.

Ghorofa la zege lenye nguzo za nondo nyingi husimama, hasa kama chini ni wazi maji yapite. Lakini si yote. Mji wa Onagawa, Japani, majengo kadhaa ya zege yalipinduka mazimamazima: hewa ilinaswa chini ya sakafu za juu, jengo likawa jepesi kama dumu, msukumo ukamaliza. Sababu nyingine ni maji kuchimba pembeni mwa msingi. Kwa hiyo ukichagua ghorofa la kukimbilia: zege, refu, chini wazi, nyuma ya majengo mengine na si mstari wa mbele, na upande ghorofa ya tatu au zaidi.

Mwana wa Chimwaga
Na kuta za bahari? Wajapani walikuwa nazo.

Fundi Zege
Mji wa Taro walikuwa na ukuta wa mita 10, maji yakaupita juu. Na ardhi nayo ilishuka: rasi ya Oshika ilizama kama mita 1.2 kwa tetemeko lenyewe, yaani ukuta ulipungua urefu kabla maji hayajafika. Tena tahadhari ya kwanza, dakika tatu baada ya tetemeko la saa 8:46 mchana kwa saa zao, ilitaja mita 3 kwa mkoa wa Iwate na 6 kwa mkoa wa Miyagi. Ilipandishwa baadaye hadi mita 10 na zaidi, wakati huo umeme umekatika sehemu nyingi. Aliyesikia "mita 3" akautazama ukuta wa mita 10 alifanya hesabu sahihi kwa namba isiyo sahihi.

Baharia wa Tanga, sasa Kizota
Kuhusu bahari kurudi nyuma kabla ya tsunami nataka niweke sawa, maana kila mtu anasema "ukiona maji yamekauka kimbia". Ni kweli, lakini si lazima yakauke. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari iliinuka upande wa magharibi wa ufa wa tetemeko na kushuka upande wa mashariki. Thailand, mashariki, bahari ilirudi kwanza, samaki wakabaki wanarukaruka, watalii wakashuka kuwaangalia. Sri Lanka na India, upande wa magharibi, kwa sehemu kubwa maji yalianza kwa kupanda. Na sisi Afrika Mashariki tuko magharibi ya ufa uleule.

Tetemeko lilipiga saa 9:58 usiku kwa saa zetu. Somalia ilifikiwa baada ya takriban saa saba, wakafa karibu watu 300. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Kenya, walioondoa watu fukweni mapema, alikufa mmoja.

Jinsi ya kutofautisha na bamvua (kupwa na kujaa kukubwa kwa kawaida): Dar bamvua hushusha maji mita tatu na ushee, ila kwa saa sita hivi. Maji yakishuka hivyo kwa dakika tano au kumi, hiyo si kupwa. Na usisubiri kutikisika: tarehe 22 Desemba 2018 volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, iliporomokea baharini usiku, pwani hawakusikia tetemeko la kuwaonya. Palu nako maji yalifika ndani ya dakika chache. Yule aliyerekodi juu ya jengo la kuegesha magari unamsikia anavyowapigia kelele walio chini wakimbie. Wengine hawamsikii kabisa.

Mvuvi aliye nje kwenye kina cha zaidi ya mita 100 asirudi bandarini. Huko wimbi litampita hata asijue.

Muuguzi wa Zamu
Nitasema la tiba tu. Wengi hufa kwa kuzama, ila si maji matupu yanayoumiza. Wanapigwa mbao, mabati, vioo. Maji yale yana tope, mafuta na vinyesi. Thailand vidonda vingi vilivyoshonwa siku ileile vilioza. Kidonda cha aina hii huoshwa kwa maji safi lita kadhaa, nyama iliyokufa inaondolewa, kinaachwa wazi na kufungwa bandeji, kisha kinashonwa baada ya siku 3 hadi 5 kikiwa safi. Chanjo ya pepopunda isisahaulike. Aliyevuta maji akakohoa akapona, afuatiliwe wiki kadhaa. Nimonia yake huja kwa kuchelewa.

Mambo haya si ya pwani pekee, maporomoko ya mlima Hanang, Desemba 2023, tope lilileta vidonda vya namna hii.

Korongo Kavu
Hanang ni mfano mzuri. Tope zito linaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya maji, kwa hiyo msukumo nao karibu mara mbili kwa mwendo uleule, halafu linabeba mawe na magogo ya mlimani. Mji wa Katesh, chini ya mlima huo, hapakuwa na "kurudi nyuma" kokote.

Mpima Ardhi Ipagala
Na za uongo ziko nyingi. Wimbi la kijani refu kama ghorofa limejikunja juu ya mji: achana nalo. Barafu inamomonyoka, watu wako kwenye boti: si tsunami. Maji yanapanda mto huku umati uko kwenye kingo unacheka: mara nyingi ni mto Qiantang wa China, maji kujaa tu, watu huenda kuangalia kila mwaka.

Mwana wa Chimwaga
Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho, vijana wanaokwenda Coco Jumamosi niwaambie nini cha kufanya, kwa kifupi?

Baharia wa Tanga, sasa Kizota
Kabla hawajatandika mkeka wachague ghorofa la zege au mwinuko, na wapime kwa miguu ni dakika ngapi. Ardhi ikitikisika sekunde 20 au zaidi, bahari ikipanda au kushuka kwa dakika, au ikinguruma kama treni, waende: mita 30 juu au kilomita 3 ndani, chochote kilicho karibu. Kwa miguu, gari litakwama kwenye foleni. Kila mmoja aende mwenyewe, wakutane huko juu, wasirudiane kutafutana. Simu iwe na chaji ya kupokea tahadhari ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania).

Wakishafika wakae saa nyingi. Hilo, Hawaii, Mei 1960, mawimbi ya kwanza yalikuwa madogo, watu wakateremka kuangalia. La tatu liliua 61.

Binti Kondoa
Saa nyingi ni ngapi mzee, maana treni ya kurudi ni jioni.

Baharia wa Tanga, sasa Kizota
Mpaka TMA waseme, binti. Tiketi watabadilisha.