Kerneli inaanguka ovyo: nibadilishe RAM yote, nipime kwanza, au nihamie ECC?

Kitasa64:
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Kerneli (kiini cha mfumo) ya mashine yangu ya Linux inaanguka mara mbili au tatu kwa wiki. Skrini inaganda, taa za kibodi zinawakawaka, hapo haisikii chochote mpaka nizime kwa kitufe. Nahisi ni RAM. Nina njia tatu: ninunue seti mpya nzima, nipime kwanza kwa programu ya Memtest86+ (nasikia inakula usiku kucha), au nibadilishe mashine kabisa niende kwenye ECC (RAM inayojirekebisha makosa). Ipi ina maana zaidi?

MziziMkuu:
Mkuu, hujatupa kitu cha kushika. Vijiti vingapi, vya ukubwa gani, DDR (kizazi cha RAM) ya ngapi? Vilinunuliwa pamoja au vimechanganywa? XMP (mpangilio wa kuharakisha RAM) imewashwa? Una draiva yoyote isiyo ya kerneli yenyewe? Na kubwa kuliko yote, maandishi ya paniki (ujumbe wa kerneli inapoanguka) yako wapi? Endesha `journalctl -k -b -1` baada ya kuwasha upya. Kama logi imekatika kabla ya kufika mwisho, angalia `/var/lib/systemd/pstore`, mara nyingi kipande cha mwisho huhifadhiwa huko. Huko nako kukiwa kutupu, weka netconsole, ujumbe uende kwenye mashine ya pili kupitia mtandao.

Fundi_Kimya:
Hata mimi nasubiri maandishi. "Nahisi ni RAM" si uchunguzi. Draiva mbovu ya kadi ya picha huangusha kerneli vilevile.

Kitasa64:
Samahani wakuu. Vijiti vinne vya GB 8, DDR4 3600. Viwili vilikuja na mashine, viwili niliongeza baadaye, modeli ileile. XMP imewashwa. Hakuna draiva ya nje, mstari unasema "Not tainted". Paniki tatu za mwisho:

1. `BUG: Bad page state in process cc1plus`
2. `general protection fault, probably for non-canonical address 0xfff788810a3c4e00`, ndani ya `kmem_cache_alloc`
3. Kosa ndani ya ext4 (mfumo wa mafaili wa diski), anwani sikuipata.

BitiMoja:
Ya pili imesema karibu kila kitu. Anwani za kerneli kwenye x86-64 huanza na `ffff`. Yako ilipaswa kuwa `ffff88810a3c4e00`, lakini imefika `fff788810a3c4e00`. Tofauti ya f na 7 ni biti moja tu, ya 51 ukihesabu kuanzia sifuri. Kosa la programu kwa kawaida halichomoi biti moja katikati ya kielekezi (anwani ya kumbukumbu) na kuacha 63 nyingine salama.

Linganisha na alama za kosa la programu. Ukiona `dead000000000100`, hiyo ni sumu ambayo kerneli yenyewe huiweka kwenye kipengele kilichotolewa kwenye orodha, kwa hiyo kuna msimbo unaogusa kitu kilichokwisha kuondolewa. Ukiona `6b6b6b6b6b6b6b6b`, ni kumbukumbu iliyoachiliwa na bado inatumiwa. Hizo mbili peleka kwa wenye draiva, usinunue RAM.

Tena paniki zako ziko sehemu tatu tofauti. Kosa la programu mara nyingi hurudi palepale, vifaa vibovu huangusha popote.

Andika namba ya biti kwa kila paniki ijayo. Ikirudi 51 tena, au jirani zake kati ya 48 na 55, mara nyingi huashiria chipu moja au mstari mmoja wa data.

Pawa_Safi:
Seti mbili zilizochanganywa, vijiti vinne, XMP 3600. Hapo sihitaji kusoma paniki. XMP ni ovakloki, yaani kuendesha kupita kasi ya kawaida. Kiwango cha kawaida cha DDR4 kinaishia 3200 kwa volti 1.2, na 3600 kwa kawaida huendeshwa kwa volti 1.35. Aliyetengeneza alithibitisha vijiti viwili vilivyouzwa pamoja, si vinne vya vifurushi viwili, hata jina la modeli likifanana. Chipu za ndani zinaweza kuwa za kiwanda kingine kabisa. Na vijiti vinne vinaibebesha prosesa mzigo mkubwa zaidi kuliko viwili.

Zima XMP leo. Haigharimu kitu.

MziziMkuu:
Naunga mkono, ila kwa mpangilio. Ukizima XMP na kuhamisha vijiti siku hiyohiyo, paniki zikiisha hutajua kilichoponya ni nini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati:

Kwanza, XMP ikiwa bado imewashwa, endesha Memtest86+ toleo la 6 au jipya zaidi (la zamani la 5.01 halibuti kwa UEFI, mfumo mpya wa kuwasha mashine). Acha imalize mizunguko minne. Ikitoa kosa, andika anwani na biti. Kosa moja linatosha, hakuna "machache yanayokubalika". Pili, zima XMP, rudia. Makosa yakitoweka, vijiti vyenyewe huenda ni vizima na tatizo ni kasi. Yakibaki, toa vyote, weka kimoja tu kwenye sloti A2, kwa kawaida ni ya pili kutoka kwenye prosesa. Pima kimoja kimoja. Ukipata kilicho safi, kizungushe kwenye sloti zote nne. Hatua hii watu huiruka, halafu wananunua RAM mpya na kuitia kwenye sloti iliyokufa.

Seva_na_Moyo:
Memtest86+ pekee haitoshi. Inaendesha mashine bila diski, bila kadi ya picha kufanya kazi, na joto la kesi linabaki chini. Seli za DRAM huvujisha chaji haraka zaidi zikipata joto, ndiyo maana ikizidi nyuzi joto 85 kumbukumbu hutakiwa kuburudishwa kila milisekunde 32 badala ya 64. Kijiti kinaweza kupita usiku kucha kikiwa baridi na kuanguka mchana ukikompaili.

Tumia stressapptest ndani ya Linux:

`stressapptest -W -s 7200 -M 26000 -m 8 -C 4`

Saa mbili, takriban GB 26 kati ya 32, nyuzi (threads) nane za kunakili na nne za kuchosha prosesa. Ikikuta tofauti itaandika "miscompare".

BitiMoja:
Ni kweli, lakini zinakamilishana. stressapptest haiwezi kugusa kurasa ambazo kerneli imezishika, na memtester (kipimo kingine cha ndani ya Linux) ni hivyohivyo, tena yenyewe hutoa anwani pepe zisizokusaidia kujua ni wapi hasa kwenye kijiti. Memtest86+ inafika karibu kila mahali na inatoa anwani halisi.

Nyota_ya_Diski:
Kabla ya yote haya, ndugu Kitasa64: usiendeshe fsck (programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili). Paniki yako ya tatu iko kwenye ext4, na najua mkono unawasha kurekebisha.

Nieleze kwa nini, maana kuna mashine iliyoharibika hasa kwa njia hii. Ilikuwa na kijiti kimoja chenye biti iliyoganda. Data kwenye diski ilikuwa nzima, makosa yalikuwa kwenye kusoma tu, kila ext4 ilipolalamika chanzo kilikuwa nakala iliyoko kwenye RAM. Mwenye mashine akaendesha `fsck -y`. Programu ikapakia majedwali ya inodi (rekodi za mafaili) kwenye RAM mbovu, ikaona yana kasoro ambazo kwenye diski hazikuwepo, ikazi"rekebisha", halafu ikaandika kasoro hizo kwenye diski. Mzunguko wa pili ukakuta makosa mapya yaliyoandikwa na wa kwanza. Baada ya mizunguko mitatu `lost+found` ilikuwa na maelfu ya vipande visivyo na majina. Bakapu nayo ilikuwa imeendelea kuchukuliwa kila usiku kupitia RAM ileile, hivyo nakala za karibuni zilikuwa na mafaili yenye biti zilizogeuka. Ikabidi kurudi nyuma hadi nakala ya kabla ya tatizo kuanza, na kazi ya katikati ikapotea.

Kwa hiyo: simamisha bakapu zinazofuta nakala za zamani. Chomoa diski ya data kama unaweza. Ukilazimika kukagua, tumia `fsck -n`, ambayo haiandiki. Rekebisha ukishakuwa na RAM unayoiamini.

Kipimo rahisi cha haraka: chukua faili kubwa kuliko nusu ya RAM, piga `sha256sum`, kisha `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches` kama root, piga tena, mara tano. Majibu yakitofautiana, kuna kitu kinachobadilisha data njiani. Usipofuta kashe, utasoma kurasa zilezile zilizoharibika na jibu litafanana kila mara, utajidanganya.

Kitasa64:
Asante sana, nilikuwa karibu kuiendesha. Nimesimamisha bakapu.

Jicho_la_Nje:
Kwani asinunue tu DDR5? Ina ECC ndani yake, mambo yaishe.

Seva_na_Moyo:
Hapana kaka. ECC ya ndani ya chipu za DDR5 hurekebisha biti ndani ya chipu tu. Data ikishatoka kwenda kwenye prosesa haina ulinzi huo, na mfumo wako hauambiwi chochote kilichorekebishwa. ECC kamili ya DDR4 hubeba biti 72, yaani 64 za data na 8 za ukaguzi: hurekebisha biti moja na kugundua mbili. Na faida yake kubwa kwangu ni taarifa. Unasoma `/sys/devices/system/edac/mc/mc0/ce_count` au `ras-mc-ctl --summary` na kukiona kijiti kinachochoka wiki kadhaa kabla hakijaangusha chochote.

Ila lazima prosesa na madabodi vikubali. Thibitisha kwa `dmidecode -t memory`: Total Width iwe 72 na Data Width 64. Na usichanganye UDIMM na RDIMM (aina mbili za vijiti), haziingiliani.

Jicho_la_Nje:
Sawa, lakini kwa mashine ya mtu mmoja bado naona ni kubeba mzigo usiohitajika.

Nyota_ya_Diski:
Inategemea ana nini kwenye diski, si ana watumiaji wangapi.

Pawa_Safi:
Kuna njia ya nne hamjaitaja. Memtest ikionyesha makosa yako eneo moja dogo, unaweza kulifungia kwa `memmap=1M$0x2f3400000` kwenye mstari wa kerneli. Kwenye `/etc/default/grub` alama ya $ lazima iwe `\\\$`, la sivyo GRUB (kiwashaji cha mfumo) itaimeza na kigezo kitafika kimevunjika. Kisha soma `/proc/cmdline` kuhakikisha.

BitiMoja:
Kwa seli chache zilizokufa, sawa, kwa muda. Kwake yeye siipendekezi: kama ni mstari wa data au kasi, makosa yatatokea anwani zozote.

Kitasa64:
Mrejesho. Nikiwa na XMP, Memtest86+ ilitoa makosa 3 kwenye mzunguko wa pili, yote biti ya 51. Nikazima XMP: mizunguko minne safi. Nikafurahi. Halafu stressapptest saa mbili, XMP ikiwa bado imezimwa: miscompare moja, dakika ya 94.

Pawa_Safi:
Basi kasi si chanzo peke yake. Pawasaplai ina umri gani? Volti ikiyumba prosesa ikichoka, utaona hivyohivyo.

BitiMoja:
Pawasaplai haichagui biti ya 51 mara nne. Hiyo miscompare ilikuwa biti gani? stressapptest huchapa thamani iliyosomwa na iliyotarajiwa, fanya XOR (linganisha biti kwa biti).

Fundi_Kimya:
Hata pini ya soketi ya prosesa iliyopinda huharibu biti moja ya chaneli nzima, na hiyo hubaki kwenye sloti, haihami na kijiti. Usiagize chochote bado.

Kitasa64:
Logi niliifunga bila kuhifadhi, narudia usiku huu. Kesho naanza kijiti kimoja A2. Nianze na vya zamani au vipya?

MziziMkuu:
Vipya. Na weka alama ya kalamu kwenye kila kijiti kabla ya kukitoa, vikishachanganyika mezani huwezi kuvitofautisha.